Makosa ya Mwalimu Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupika kitu. Nilifika asubuhi katika nyumba ya Meneja wa ranchi moja kule Lukenya, nikapewa karoti za kumenya na kona ya meza. Mke wa Meneja alikuwa ameamua kuwapikia wageni wake pilau kwa mkono wake mwenyewe. Aliiacha motoni akaenda kupokea simu, na aliporudi, moshi ulikuwa umejaa jikoni na magari ya wageni yalikuwa yanaingia langoni. Alisimama pale mikono kichwani, machozi yanamtoka kimya kimya.

Mpishi Mkuu wa nyumba ile aliitwa Mzee Kioko, mtu mwembamba asiye na maneno mengi. Hakuuliza ni nani aliyeacha moto mkubwa. Alizima gesi, akateka maji baridi kwenye karai, akaiweka sufuria ndani yake ili kitako kipoe na kuungua kukome. Mama alikuwa ameshika mwiko tayari.

"Usikoroge, mama," Mzee Kioko alimwambia. "Ukikoroga, unapeleka moshi kwa kila punje."

Alichota wali wa juu polepole, akaacha tabaka lote la chini likiwa limeshikamana na sufuria, kisha akautandaza kwenye sinia pana na kuuacha wazi upigwe na hewa. Wengi hukosea hapo. Huona aibu, wakafunika haraka, na harufu ambayo ingetoka hubaki ndani. Baadaye alimpa yule mama kijiko, akamwambia aonje mwenyewe, na akisikia moshi mdomoni watasonga ugali. Mama akaonja, akasema moshi hausikiki. Wageni walikula wakamsifu, na Mzee Kioko alikuwa nyuma ya nyumba akisugua sufuria kwa majivu.

Tulipokuwa tukiosha vyombo nilimuuliza kwa nini hakuonja yeye, na ndiye mpishi.

"Chakula ni chake," akanijibu. "Mimi nikimwokolea, kesho ataogopa jikoni. Ukikuta kitu kimeharibika, angalia kwanza aliyekiharibu. Sufuria itangoja."

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka. Ilinichukua karibu maisha yangu yote ya kazi kujua alikuwa ananifundisha nini.

Ninyi mnaoanza sasa, mna video kwenye simu na mna majiko yanayojizima yenyewe. Sisi tulijifunza kwa pua na masikio. Maharagwe yanayokaribia kukauka hubadilisha sauti: maji yakiwa mengi yanabubujika, yakipungua yanapasuka pasuka kama mtu anayetafuna. Ugali ukishika madonge hauongezewi unga. Unapunguza moto, unayasukuma madonge kwenye ukuta wa sufuria na kuyaponda kwa mwiko, kisha unafunika kidogo ili mvuke umalize kazi. Maziwa yakikatika ndani ya sufuria ya chai, chai hiyo imeisha, lakini maziwa mengine yaliyoganda hivyo bila majani yanafaa sana kukandia mandazi. Chapati zilizokauka zinanyunyiziwa maji, zinafungwa kwa kitambaa na kurudishwa kwenye joto dogo. Hayo yote niliyaokota Lukenya, moja moja, kila mara baada ya hasara.

Meneja alipohamishwa na nyumba ikafungwa, nilipata kazi Athi River, kwenye kantini ya kiwanda cha nguo. Pale hakukuwa na Mpishi Mkuu. Kulikuwa na Msimamizi wa Kantini, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye hatukuwahi kumwona ameketi. Sufuria zake zilikuwa kubwa kiasi kwamba tulikoroga tukiwa tumesimama juu ya kreti za soda.

Siku moja mchuzi wa nyama ulitiwa chumvi mara mbili, na wapishi wawili tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau. King'ora cha mapumziko kilikuwa karibu kulia. Mpishi mmoja akaanza kumenya viazi, kwa sababu sote tuliambiwa utotoni kwamba kiazi hunyonya chumvi. Msimamizi alimzuia. Alisema kiazi hunyonya mchuzi tu, na mchuzi unaobaki una chumvi ile ile. Dawa ni kuongeza chakula kisicho na chumvi. Tukakata kabichi tele, tukaipika kando kwa maji matupu, tukaichanganya na ile nyama. Tukasonga ugali mwingi, maana ugali hauna chumvi na hubeba mzigo wa mchuzi. Wafanyakazi walikula wakarudi kwenye mashine zao.

Lakini Msimamizi huyo huyo nilimwona akimwaga maharagwe ya sufuria nzima kwa sababu yalikuwa yametoa povu na harufu ya kuchacha. Mtu mmoja alinong'ona kwamba viungo vingeficha. Msimamizi hakukasirika. Alisema tu kwamba kuna chakula kibaya na kuna chakula kinachodhuru, na mpishi asiyejua tofauti asikae karibu na watu wenye njaa.

Magoti yangu yalipoanza kulalamika kwa kusimama juu ya zile kreti, niliacha kantini nikarudi kupika katika nyumba za watu, Machakos mjini kwanza, halafu Kithimani. Kithimani ndiko nilikomalizia, na ndiko ninakotaka kukaa nanyi kidogo.

Mwajiri wangu pale alikuwa Mwalimu Mkuu mstaafu. Watu wote wa soko walimwita Mwalimu, na mimi pia. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yao wa pekee, Mwikali, alifanya kazi Nairobi na kuishi Syokimau. Ndiye aliyenitafuta. Alinieleza kwamba babake hajawahi kupika hata chai, kwamba anakonda, na kwamba angependa nimpikie chakula cha kawaida cha nyumbani hadi watakapoamua jambo lingine. Sikuuliza jambo hilo ni lipi.

Nilipika. Mwalimu alikula kidogo kwa adabu, akashukuru, akasukuma sahani. Hasa muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Mahindi niliyakoboa mwenyewe, maharagwe niliyachagua, na muthokoi wangu umesifiwa na watu wengi, lakini yeye alikuwa akigeuza kijiko tu. Siku moja nilimuuliza kama una kasoro.

"Hauna kasoro, Mama Mutua," akasema. "Ni mzuri. Ila si wa mke wangu."

Nikamuuliza mkewe alikuwa anautengenezaje. Hapo akaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia katika mji aliokaa miaka yote na haijui. Alisema kila jioni alikuwa akikaa kwenye kiti kile pale, karibu na mlango wa jikoni, akimsomea mkewe gazeti huku mkewe akipika. Alikumbuka habari walizosoma. Alikumbuka mkewe akicheka. Hakukumbuka hata mara moja mkono wa mkewe ulikuwa unaweka nini ndani ya sufuria.

Siku iliyofuata nilimkuta amefunga aproni ya marehemu. Akanitangazia kwamba atapika mwenyewe mpaka aufikie ule muthokoi, na kwamba kazi yangu ni kukaa kwenye kiti. Nilikaa. Sijawahi kulipwa kwa kazi ngumu kama hiyo.

Aliharibu kila kitu. Ugali wake wa kwanza ulikuwa uji wenye mawe. Aliposhinda ugali, akautia muthokoi chumvi ya kiganja kizima. Aliposhinda chumvi, akakaanga vitunguu mpaka vikawa makaa. Sikumnyang'anya mwiko. Nilimwonyesha jinsi ya kuokoa, naye akaokoa kwa mikono yake, na tukala tulichookoa. Alianza kumaliza sahani. Chakula chake kibovu alikimaliza, changu kizuri alikuwa akikiacha, na mimi nikashukuru Mungu bila kusema.

Kisha ikatokea siku ya moto. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni. Mwalimu alibandika maharagwe, akasikia mbuzi wake wameingia kwenye mahindi ya jirani, akatoka kuwafukuza, na huko shambani akakutana na mwanafunzi wake wa zamani wakazungumza. Sufuria ilikauka, ikaungua, na kitambaa kilichokuwa karibu na jiko kikashika moto. Jirani ndiye aliyeona moshi akakimbia na ndoo. Niliporudi, ukuta ulikuwa mweusi hadi kwenye dari, na Mwalimu alikuwa ameketi nje kwenye jiwe, aproni ingali kiunoni, hatazami mtu.

Mwikali alikuja Jumamosi. Aliutazama ukuta muda mrefu. Alimwambia babake kwamba ameshatenga chumba Syokimau, mbuzi watauzwa na nyumba itapata mpangaji. Mwalimu hakubishana. Alisema tu kwamba mama yake Mwikali amezikwa hapa, akatoka kwenda kwa mbuzi wake. Mwikali akanifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mama Mutua, niambie ukweli," alisema. "Baba anaanza kupoteza akili? Nimeona kwa baba wa rafiki yangu. Ilianza hivi hivi, kwa sufuria."

Niliona kwamba hakuja na hasira kama nilivyodhani. Alikuja na woga. Nilimwambia kwanza kwamba mimi si daktari, na ampeleke babake aangaliwe bila kungoja. Halafu nikamwambia ninachokijua, ambacho ni makosa ya jikoni.

"Anayesahau hurudia kosa lile lile," nilisema. "Babako hajarudia hata moja. Kila wiki ananiletea kosa jipya. Huyo ni mtu anayejifunza."

Nilimhesabia: madonge, chumvi, vitunguu, na sasa jiko lililoachwa. Tangu siku ya moto Mwalimu hakuwahi kutoka nje bila kuzima. Akienda hata chooni, anazima. Mwikali alisikiliza, lakini sikumshinda kwa maneno. Alikuwa amesimuliwa jinsi babake alivyoketi kwenye lile jiwe, na picha hiyo haiondoki kwa hesabu yangu. Akasema atakaa mpaka Jumapili aone mwenyewe.

Jumapili, baada ya kanisa, Mwalimu alimpikia binti yake muthokoi. Na akaharibu. Alitaka rangi iwe nzuri kama ya mkewe, akatia nyanya mapema, kabla maharagwe hayajaiva. Nyanya zina uchachu, na maharagwe yakiguswa na uchachu kabla ya kulainika hugoma. Yalichemka na kuchemka yakabaki magumu. Mwikali alikuwa mezani anangoja. Nilikuwa kwenye kiti changu, na nakiri mkono uliniwasha kutaka kushika mwiko.

Mwalimu alionja. Halafu akamwaga ule mchuzi mwekundu kwenye bakuli, akaosha mahindi na maharagwe kwa maji ya moto, akayarudisha motoni na maji mapya na chembe ya magadi, chumvi ile ya udongo inayolainisha nafaka. Akamwita binti yake.

"Mwikali, chakula kitachelewa. Nimekosea. Leta kiti ukae hapa."

Mwikali akaleta kiti. Mimi nikatoka, nikawaacha. Nilikaa nje kwenye kivuli cha nyumba, nikisikia sauti zao tu, si maneno. Walizungumza kwa muda wa maharagwe kuiva, na hayo ni mazungumzo marefu. Wakati fulani nilimsikia Mwikali akilia, na baadaye nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mama alikuwa anakaanga nyanya kando na kuzitia mwisho, pamoja na majani ya kunde yaliyokaushwa na kusagwa. Alikuwa amemwona tangu akiwa mtoto. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza.

Tulikula jua likiwa limeshuka. Majani ya kunde hayakuwapo, lakini nyanya zilitiwa mwisho. Mwalimu alionja akaweka kijiko chini, kisha akakishika tena. Mwikali alisema bado si wa mama. Babake akasema anajua, na akamwongezea.

Mwikali alimpeleka babake kwa daktari wiki hiyo. Daktari hakuona ugonjwa wa kusahau. Chumba cha Syokimau kikabaki cha kutembelea, jikoni kukapakwa rangi, na mimi nikabaki pale mpaka Mwalimu alipokuwa hanihitaji tena isipokuwa kwa mazungumzo. Ndipo nilipoacha kazi ya upishi.

Sasa niko kwangu Mwala, na vijana huniuliza siri ya upishi. Wanatarajia kiungo. Mimi huwaambia wajifunze kukaa kwenye kiti, na wengi hunitazama kama niliyewanyima kitu. Sijui kueleza vizuri zaidi. Katika nyumba zote nilizopikia, watu wachache sana walinikumbuka kwa chakula kilichotoka sawa. Wanaonisalimia sokoni mpaka leo ni wale niliowakuta na sufuria iliyoungua mkononi, nami sikuwaambia neno la kuwaaibisha.

Zamani Mwikali alikuwa akinipigia simu chakula kikimharibikia. Kwa muda mrefu sasa hajanipigia kwa ajili hiyo, na juzi nilipokutana na babake nikamuuliza kama binti amekuwa mpishi hodari.

"Hapana," Mwalimu alisema, akijaribu kuficha furaha na kushindwa. "Bado anaunguza. Ananipigia mimi."