Truphena Nabalayo wa Kaloleni, Muuguzi wa Wenye Saratani

Truphena Nabalayo alizaliwa Kaloleni mwaka 1971, binti wa fundi wa reli aliyetoka Bungoma. Alipokuwa na miaka kumi na sita, mama yake alishikwa na saratani, akalia kwa maumivu hata majirani wakaongeza sauti za redio zao. Baada ya maziko binti alimwambia padri, "Mimi nitakwenda kule watu wanakofunga milango." Akasomea uuguzi, akahudumu wodi ya saratani. Kwa muda mrefu aliamini, kama wenzake, kwamba mgonjwa anaishi vyema iwapo kidonda ni safi na chakula kimeliwa.

Mwaka 2016 parokia ilimtuma mtaa wa Kware, kwa mshonaji aitwaye Ayuma, mwenye saratani ya titi. Alimkuta amejikunja kitandani, ameuma shuka ili watoto wasimsikie. Truphena alisafisha kidonda, akatia dawa ya kukata harufu, akauliza kama amekula.

Ayuma alitoa shuka mdomoni. "Sista, umeuliza kidonda, umeuliza chakula. Mimi hujaniuliza. Nataka kukaa meza moja na watoto wangu. Basi."

Maneno hayo yalimchoma Truphena. Akatoa chupa ya mofini aliyoandikiwa mgonjwa, ambayo nyumba ile ilikuwa imeikataa. Hapo Shiundu, mumewe Ayuma, kibarua wa mjengo, akatia komeo mlangoni.

"Hiyo ni dawa ya kumaliza watu. Akilala asiamke, na wewe hutoki humu."

"Ni ya maumivu, baba watoto. Kipimo nakijua."

Angeweza kuirudisha chupa mkobani, na nani angemlaumu? Akamgeukia mgonjwa. "Mama, wewe wasemaje?" Ayuma akafumbua kinywa.

Akameza, akalala usingizi mzito. Shiundu aliinama mara kwa mara kumwekea kidole puani. Majirani waliosikia ugomvi wakajaa koridoni, mmoja akagonga mlango kwa ngumi, "Shiundu, amemuua?" Truphena aliomba kimya. Kipimo kilikuwa sawa, lakini mwili ule ulikuwa umechoka mno, na kifo hakingoji ruhusa ya mtu.

Jua lilikuwa limeinama Ayuma alipofumbua macho. "Baba Wekulo," akamwambia mumewe, "watoto wamekula? Songa ugali, nakuja mezani."

Shiundu akaketi sakafuni, akalia kama mtoto.

Ayuma alikula na wanawe hadi karibu na Pentekoste, akafa bila kupiga kelele. Waumini huiita siku ile muujiza. Truphena alilikataa neno hilo: "Ilikuwa dawa, na kusikiliza."

Tangu hapo aliwafundisha wauguzi wachanga kumuuliza mgonjwa kwanza anataka kuishi vipi, ijapokuwa wakubwa walimkaripia kwa kupoteza muda. Alifariki mwaka 2022, kwa saratani ya kongosho, akisali rozari na wanafunzi wake.

Ndugu, tumuige. Hata leo, mofini ikiogopwa katika nyumba yoyote ya Kware, Shiundu huitwa. Huingia, huketi karibu na mume wa mgonjwa, na kumwambia, "Mimi pia nilifunga mlango. Ngoja nikae na wewe."