Noti Tisa za Kujaribia Vinanda

Mtaani walimwita Mzee Waya, naye hakuwahi kulalamika, kwani fundi wa vinanda vya umeme asiye na waya shingoni ni fundi wa mdomo tu. Siku hiyo alikuwa amekiinamia kinanda kilichokufa sauti, chuma cha kulehemu mkononi, redio ikimpigia roki asiyoipenda. Magitaa yalinguruma weee, kisha yakanyamaza ghafla, na humo redioni kinanda cha bendi kikapiga noti tisa peke yake.

Chuma kilimdondokea pajani. Hata moto wake hakuusikia.

Noti zile alizitunga yeye, miaka thelathini na moja iliyopita, kwa kinanda cha kuazima, alipokuwa akimchumbia mshonaji mmoja mwenye maringo. Binti yule alimkubali kwa sharti moja tu: wimbo ule asimpigie mtu mwingine. Akaapa. Leo ulikuwa redioni, magitaa yakiukanyaga huku na huku.

Alifunga kibanda mchana kweupe akakimbilia nyumbani. Alichelewa. Mkewe naye alikuwa na redio yake, na alikuwa ameketi mbele ya cherehani, mguu umetulia juu ya pedali. Hakumuuliza kwa nini amerudi mapema.

"Ulimpigia nani?"

Mzee Waya aliapa kwa kila kitu anachokiheshimu. Mkewe akageukia kitambaa chake. Mama yule akinuna hagombi; anakutengea chai, anakufunikia sahani, na neno hulipati. Siku tatu zilipita hivyo, na mzee akaona nyumba inamponyoka.

Siku ya nne alikwenda ukumbini ambako bendi ya wimbo ule ilifanya mazoezi, mishipa ya shingo imemsimama. Mpiga kinanda, mwalimu wa hesabu mwenye kipara, alimpokea kwa mikono miwili.

"Fundi wangu! Kinanda ulichonitengenezea mwaka jana ndicho hiki."

Mzee akamuuliza noti zile ameziiba wapi. Mwalimu alipigwa na butwaa. Alieleza kwamba kinanda kiliporudi kutoka kwa fundi alibonyeza kitufe cha kumbukumbu, zikatoka zenyewe. Alidhani zimetoka nacho kiwandani. Wenzake wakazipenda, wakajenga wimbo mzima juu yake.

Mzee Waya alijikuta ameketi juu ya spika. Kila kinanda alichokitengeneza alikijaribu vivyo hivyo: anabonyeza kitufe cha kurekodi, anapiga kitu ambacho vidole vimekizoea, anasikiliza kama kumbukumbu inashika, kisha anamrudishia mwenyewe. Kufuta hakuwahi kufuta. Siku zote hizo alimtafuta mwizi, kumbe mwizi anatembea na viatu vyake.

Alirudi akamweleza mkewe yote bila kuficha. Mkewe alitoa pini midomoni, moja moja.

"Vinanda vingapi?"

"Sijui. Mia tatu, labda zaidi."

"Na ulipokuwa unapiga, ulikuwa unanikumbuka?"

Angeweza kudanganya, na uongo wenyewe ulikuwa mtamu. Lakini alijipekua moyoni atafute japo siku moja, asiipate, na hilo lilimshtua kuliko redio. Miaka yote hiyo!

"Nilikuwa nasikiliza vitufe, mke wangu."

Mama alichomeka pini zake kwenye kitambaa. Kisha aliondoa vitambaa mezani, akamwambia alete kinanda.

"Basi nipigie sasa. Mimi hapa."

Mzee akaketi. Vidole viliondoka vyenyewe, mbio, kama kawaida yao. Kwenye noti ya sita akagutuka: alikuwa anasikiliza kama kuna kitufe kinachokwama. Akaondoa mikono haraka. Akamtazama mkewe usoni, akamtazama sana, akaanza upya polepole, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja akakosea.