Mguu wa Bibi Mwamina

"Mwali niliyemcheza mimi namjua kwa kiuno, hata mkimvisha gunia."

Bibi yangu Mwamina aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, harusini Ruangwa, na watu wakampigia vigelegele. Ni kungwi huyu, anakaa Nachingwea. Wasichana wakivunja ungo, yeye huwaingiza unyagoni na kuwafundisha, ngoma yake mapajani. Wanafundishwa nini, mwanaume hatakiwi kujua. Mimi hata diploma niliiacha nusu, ya wanawake ningeyawezea wapi.

Kisha Josephina akacheza.

Josephina ni mwigizaji wa Dar, yule anayelia kwenye filamu kuwashinda wafiwa wenyewe. Kwao ni Mnero, na bibi ndiye aliyemcheza. Siku hiyo yuko jikoni kwake Dar, kajifunga khanga, anasubiri chai ichemke. Akakatika kidogo, shosti wake akamrekodi, wakairusha mtandaoni. Chai haijachemka, video imeisha. Kufika jioni kila mtu anaicheza. Kule Namungo wachimba dhahabu waliicheza na sururu mabegani.

Ilikuwa ngoma ya unyagoni. Ile isiyotoka nje ya uzio.

Kiuno kingeweza kuwa cha kungwi yeyote. Tatizo mguu. Kila akigeuka, Josephina aliuangusha mguu wa kushoto, halafu akauburuta. Bibi alivunjika mguu huo akimkimbia tembo shambani Kilimarondo, ukaungwa vibaya. Wali wake, wasichana aliowacheza, wakauiga wakidhani ni sehemu ya ngoma, na hakuna aliyewakosoa. Sasa nchi nzima inachechemea na kuuita mtindo.

Nilimwonyesha bibi kwenye simu yangu nikitegemea acheke. Akaitazama, akataka nirudie, kisha akaifunika simu kwa kiganja, kama mtu anayemfumba maiti macho.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mchanga, "huyu ananitembea mimi."

Kungwi akitoa ya ndani, au mwali wake akiyatoa, anavuliwa ukungwi, na ngoma yake inapasuliwa. Wali wa mwezi wa sita walishapangwa kwake. Sasa Bi Zaina wa Ruangwa, mkubwa wa makungwi wote, akatuma neno: Mwamina aje, na ngoma aje nayo.

Tangu hapo bibi akaacha kwenda bombani. Alienda mara moja tu, wanawake wakamtazama miguu. Watoto wakamfuata nyuma wakichechemea. Hawakuwa wakimkejeli, walikuwa wanacheza. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Nikikaa sijulikani," alisema. "Nikisimama tu, nimejitaja."

Alfajiri nikawa namsikia chumbani anajifunza kutembea. Kitandani mpaka ukutani, ukutani mpaka kitandani, anaunyoosha ule mguu huku anaguna.

"Nikiweza hivi, nani atanibishia?"

"Bibi, mguu huo hata yule tembo akiuona atasalimia."

Siku nyingine angenirushia kandambili. Safari hii hakurusha kitu. Hapo ndipo na mimi nikaogopa.

Nilimpeleka Ruangwa kwa pikipiki, ngoma kaibeba mgongoni kama mtoto. Njia nzima alinibana kiunoni. Nikasema ni mashimo ya barabara. Tukasimama, nikazima injini, bado amenibana.

"Wewe baki hapo hapo," sauti ya Bi Zaina ikanikatalia mlangoni. Nikabaki nje ya uzio wa mabua, sioni kitu, nasikia tu. Wakaicheza video.

"Mwamina, hii ni ya nani?"

"Simjui huyo binti."

"Sijauliza binti. Nauliza ngoma."

"Si yangu."

"Haya. Tembea mpaka pale jikoni, urudi."

Nikasikia miguu. Ilikuwa imenyooka, imelingana, kama ya mtu nisiyemfahamu. Nikaanza kumwomba Mungu jiko liwe karibu. Miguu ikafika, ikasimama. Ikasimama muda mrefu mpaka nikadhani ameanguka.

"Mwali ni wangu," bibi akasema. "Nilisema nitamjua, nimemjua. Nimkane kwa kuwaogopa nyie?"

"Unajua unachokisema, dada?"

"Najua. Na ninaogopa."

Miguu ikarudi. Mmoja unakanyaga, mmoja unaburuta.

Baada ya hapo nikasikia kisu kinaingia kwenye ngozi ya ngoma.

Alitoka ameishika ngoma juu chini, kama beseni. Wali wa mwezi wa sita walishapewa kungwi mwingine. Njiani alinibana vilevile. Tulipofika nyumbani watoto walikuwa barabarani, wanachechemea mtindo wa Josephina. Bibi akapita katikati yao akichechemea, asijifiche.

Asubuhi akanituma sokoni nikaulize bei ya ngozi ya kuwambia ngoma.

"Bibi, si wameshakuvua?"

"Wamenivua ukungwi. Ngoma aliniachia mama yangu."

Ngozi ya mbuzi, mbichi, na manyoya yake, ni shilingi elfu tano.