Mana Aliyoficha Mama

Juzi mwanangu alikuwa akicheza gemu, akalalamika kwamba mana yake, zile nguvu za uchawi za mchezaji, imekwisha. Nikakumbuka Burnsville, mji wa ughaibuni nilikokulia, na harufu ya theluji chafu ikiyeyuka nje ya fleti zetu.

Siku moja wanaume wawili waligombea nafasi ya kuegesha gari, mmoja kashika koleo la kuzolea theluji. Mama, akiwa ndiyo kwanza anatoka kazini na sare yake ya unesi, alisimama katikati yao. "Jamani, imetosha," alisema taratibu. Kiswahili hawakukijua, lakini walinyamaza.

Jirani yetu Msamoa, mtu wa visiwa vya mbali, akamwambia, "Dada, wewe una mana."

Mimi mana niliijua ya shule ya Jumapili: chakula kilichoshuka kutoka mbinguni. Kumbe Mama anayo, na sisi anatulisha ugali kila siku! Tulipoingia ndani, alipokaa kwenye kochi kuvua viatu, nikapekua mkoba wake ulionuka dawa, nikapekua kabati, hata uvungu wa kitanda.

"We mtoto, unatafuta nini?"

"Nothing," nikajibu, nikimwangalia kwa jicho la pembeni.

Sasa najua kwamba kwa watu wa visiwa vile mana ni nguvu ya kiroho inayokaa ndani ya mtu. Wapo wataalamu wanaosema hapo kale neno hilo lilitaja ngurumo. Nilipekua nyumba nzima, isipokuwa pale kwenye kochi, alipokaa Mama akijikanda miguu.