Barua Niliyoiandika kwa Madaha Ikamwachisha Jirani Kazi

Jumapili. Mvua imenyesha hapa Kapseret tangu tutoke kanisani.

Makosa ni yangu, niseme mapema msije mkamlaumu mtu mwingine. Shule niliacha Form Two, lakini hapa kwa ploti tunapopanga nilijifanya karani wa kila mtu.

Jirani yangu, nitamwita Mama Nekesa, alikuwa anakamua ng'ombe kwa shamba moja huku. Mwezi uliopita akapigiwa simu kuwa mamake ameanguka kule Bungoma. Alitaka ruhusa ya wiki mbili tu. Kizungu hasomi. Akaniambia, "Jirani, niandikie ile Kizungu yako nzito, wasinikatalie."

Ningeandika tu kwamba anaomba ruhusa, angepewa. Lakini mimi! Nilikuwa nimeona kwa geti fulani tangazo lenye maneno "with immediate effect", nikayapenda. Nilidhani ni heshima ya kuonyesha haraka. Nikaandika, "I am leaving my work with immediate effect," kumbe nimesema anaacha kazi papo hapo. Zile wiki mbili nikazisahau kabisa. Mke wangu aliniuliza kama nina uhakika, nikamcheka.

Mama Nekesa alirudi Jumatano. Kesho yake akakuta mwingine ameshika ndoo, akaambiwa yeye aliacha kazi mwenyewe. Alikuja kwangu akilia, akashuku wenzake wamemchongea. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia kwamba watu wa kazi wana wivu. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko barua.

Jana nilienda kwa meneja. Si mtu mbaya. Anasema alimuuliza Mama Nekesa mara mbili kama ndivyo anavyotaka, naye akajibu kila kitu kiko kwa barua. Aliyechukua nafasi yake pia ana watoto. Ningeombaje huyo naye afukuzwe?

Leo nimemwambia Mama Nekesa ukweli. Akasema tu, "Na vile nilikusifu kule ofisini."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wewe unayeandikia watu barua, maneno usiyoyaelewa yaache kwa geti ulikoyaona. Uliza, hata kama ni mtoto wako. Sijui kama mimi ningesikia onyo kama hili. Labda ningelicheka pia.

Jioni tumekula ugali na maharagwe. Ni yale Mama Nekesa alituletea kutoka Bungoma, usiku ule aliofika, kunishukuru kwa barua.