Pedali zinazonasa mguu

Juzi kwa fundi baiskeli nilifoka mpaka wateja wakageuka. Mume wangu ameng'oa pedali za kawaida akafunga za mtumba, zile zinazonasa kiatu, eti milima ya Nambis sasa anaipanda kirahisi.

Jumapili alitupakia, mimi kwenye keria, mtoto mgongoni mwangu. Tukakutana na mzee. Kwetu ukikutana na mkubwa unashuka baiskeli ndipo umwamkie, basi mume wangu akafunga breki, "Shikamoo!", mguu ukagoma kutoka, tukaanguka wote. Kidogo tu kichwa cha mtoto kigonge jiwe!

"Marahaba," mzee akasema, "lakini hamkuhitaji kulala chini."

Nilipomsimulia fundi, naye akacheka: "Atazoea, shemeji."

"Azoee na gunia la mahindi! Rudisha za zamani."

Mniite mshamba. Anayembeba mwanangu awe na mguu unaofika chini.