Subira Imeze Vidonge Viwili

Baba hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, na nadhani ndiyo maana alikiamini kupita kiasi. Kitu kikiandikwa kwa Kiingereza, kwake kilikuwa kimeshapita mikononi mwa wakubwa na kukubaliwa. Aliweza kuliinua bondo la sangara juani akajua mara moja kama lilianikwa vizuri au liliharakishwa, lakini mtu akimletea karatasi ya Kiingereza alivua kofia, akaniita mimi.

Bondo ni ule mfuko wa hewa ulio tumboni mwa samaki. Watu wa Mwanza walikuwa wakiwatupia mbwa, mpaka ruksa ya serikali ilipofika na biashara zikafunguka. Kwetu China hupikwa supu ya karamu. Baba alikuja kufunga mashine kiwandani, mkataba ukaisha, akabaki kununua mabondo. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nililetwa Mwanza nikiwa na miaka saba kama sehemu ya mizigo yake. Tulikaa Ilemela, kwenye nyumba iliyobanwa na mawe makubwa, na juu ya mawe hayo tulitandaza nyavu za kuanikia. Nilinuka bondo shuleni, nilinuka bondo kanisani nilikoalikwa na majirani, na jina langu la utani wala sina haja ya kulitaja.

Nilipomaliza kidato cha sita, chuo kimoja cha ng'ambo kilinikubali kwa sharti kwamba nifaulu mtihani wa Kiingereza wanaopewa wageni. Nikishindwa, nafasi ingekwenda kwa mwingine, na mimi ningepelekwa kwa shangazi yangu China. Baba alikuwa ameshasema hivyo, na baba hakuwa mtu wa kusema mara mbili. Tatizo ni kwamba Kichina changu kilibaki na umri ule niliokuja nao. Niliweza kuomba chakula, kulilia kiatu na kumshtaki mwenzangu kwa mama yake. Kiswahili ndicho nilichokuwa nacho cha mtu mzima, na Kiswahili hakikuwa na mtihani wa kunipeleka popote. Niliogopa mji ule wa shangazi kuliko nilivyoogopa mamba.

Mwalimu wangu alikuwa mjane mstaafu, Msukuma wa Misungwi, mwenye kiduka cha nyuzi na vifungo Mabatini. Alinifundisha nyuma ya kaunta, katikati ya wateja. Alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni makosa. Hakuweza kupita mbele ya bango la kinyozi lenye Kiingereza kibovu bila kumwita kinyozi atoke nje aelezwe. Mtihani ulikuwa na sehemu ya kutafuta kosa ndani ya sentensi, na hapo mwalimu alikuwa kama paka kwenye ghala.

"Kosa ni panya, binti," aliniambia. "Ukimwona mmoja, ujue ukutani umo ukoo mzima."

Sehemu iliyotutesa ilikuwa ya kusikiliza. Kisukuma hakijali sana tofauti ya l na r, na baba yangu naye hakuijali. Aliposalimia "habali za asubuhi" pale mwaloni, mitumbwi ikishusha samaki, wavuvi hawakumcheka kwa hilo. Walidhani Kiswahili amejifunzia Magu. Ulimi wangu, basi, ulilelewa na watu wa l pande zote mbili. Kwa Kiingereza mchele na chawa hutenganishwa na herufi hiyo tu. Mwalimu alisema nikiteleza pale nitakuwa nimewapikia Wazungu chawa.

Tulikuwa na redio kaseti ambayo betri zake zilianikwa juu ya bati zikichoka, ili zipate uhai wa kumalizia somo. Ndani ya kaseti waliishi mwanamume na mwanamke wenye shida kila siku. Leo wamepoteza ufunguo, kesho wamekuta maktaba imefungwa, keshokutwa mmoja amechelewa na mwingine amenuna. Niliwajua kuliko majirani zangu. Betri zikiisha sauti zao zilizama, mwanamke akawa mwanamume na mwanamume akawa ng'ombe, na mwalimu akacheka mpaka machozi. Masika ilipoanza nilikuwa natenganisha mchele na chawa nimefumba macho. Nikaanza kujisikia. Nilitembea Mabatini kama mtu aliyekwisha panda ndege.

Masika ile homa haikuwa na adabu. Klorokwini ilikuwa imechoka. Watu walimeza, wakapata nafuu, wakasema wamepona, wakarudi kitandani. Jirani yetu seremala aliacha kutengeneza vitanda. Tulisikia msumeno wake tangu asubuhi, na vitu alivyokuwa akivitoa karakanani kwake vilikuwa vifupi. Hakuna aliyemuuliza ni vya nani. Baba alifunga madirisha mapema, akanunua chandarua, akakining'iniza na kukikagua tundu kwa tundu kama nyavu zake.

Homa ilinipata hata hivyo. Zahanati walinipa klorokwini, joto likashuka, likapanda tena kwa hasira zaidi. Ndipo baba akavuta kutoka chini ya kitanda boksi la vidonge alilotumiwa na ndugu yake. Alisema ni dawa ya kwetu, imetoka kwenye majani, watu wanaimeza na wanainuka. Lakini hakuthubutu kunipa bila kusomewa ile karatasi ya ndani, maana ilikuwa ya Kiingereza, na macho yangu siku hiyo hayakuweza kusoma hata ukuta.

Mwalimu aliingia wakati huohuo, amekuja kunijulia hali na mkate chini ya kwapa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Usiongee, lala."

Baba akampa karatasi kwa mikono miwili. "Mwalimu, kalatasi inasemaje? Ameze ngapi?"

Mwalimu alivaa miwani, akasoma. Nilimwona anabadilika. Akachomoa penseli kwenye kilemba chake, akapiga mstari mahali, akapiga pengine, akageuza upande wa pili na huko pia akapiga.

"Mzee wangu, hapa pa kuandika 'mgonjwa' wameandika 'subira'," alisema. "Sikiliza: 'Subira imeze vidonge viwili baada ya chakula.' Subira inavuta heri. Haimezi vidonge!"

Nilicheka. Mwili unaungua, kichwa kinapasuka, nami nikacheka, kwa sababu kosa lile nilikuwa nimelisoma juzi tu kwenye zoezi na nililipata bila kusaidiwa.

Mwalimu hakucheka. "Homa yenyewe wameikosea. Mpaka jina la nchi yao wamelikosea. Watu wasiojua kuandika dawa, wataweza kuipika?"

Hakuwa mjinga kusema hivyo. Ruksa ilikuwa imetuletea kila kitu pamoja na pacha wake wa uongo. Kulikuwa na betri zilizokufa kabla ya kutiwa redioni, dawa ya meno yenye ladha ya chokaa, na vidonge ambavyo mtu alivimeza akiwa na tumaini akazikwa nalo. Kiingereza kibovu kwenye boksi kilikuwa ndiyo alama ya kwanza tuliyofundishwa kuitazama.

"Kiingeleza chake kibaya?" baba aliuliza.

"Kibaya sana, mzee wangu. Mpeleke hospitali."

Baba alizitazama zile alama za penseli kama mtu anayetazama hukumu. Akaikunja karatasi, akairudisha kwenye boksi, boksi likarudi chini ya kitanda. Yaani baba yangu, aliyeweza kubishana na mvuvi nusu siku kwa ajili ya bondo moja, hakubisha hata neno. Klorokwini ilipokuja kuzikwa rasmi, na dawa iliyoirithi nayo ikachoka, miaka mingi baadaye, dawa ya majani yaleyale ndiyo iliyogawiwa kwenye zahanati zetu zote. Nimeshaimeza. Karatasi yake ilikuwa na Kiingereza safi kabisa, na niliisoma mpaka mwisho nikiwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani.

Hospitali walinitundikia dripu ya kwinini. Daktari alikuwa mtu mpole, akanionya kwamba masikio yatavuma, nisiogope, ndiyo dawa inafanya kazi. Yakavuma kweli. Ilianza kama nyenje mmoja kwenye mti wa mbali, wakaja wenzake, wakajaa wodi nzima. Baba alikaa kando ya kitanda akisogeza midomo, nami nikiitikia kwa kichwa. Homa ilitoka. Nilirudi nyumbani nimekonda kama mwiko, baba akanipikia uji wa mchele, akanitazama nikila kwa furaha ambayo sijawahi kumwona nayo tena.

Nyenje wakapungua, na mimi nikamshukuru Mungu. Nyumba ilikuwa na utulivu mzuri. Hata kunguru walioshambulia mabondo yetu juu ya mawe walikuwa sasa wanakuja kimyakimya, wanadokoa, wanaondoka. Nikadhani hatimaye wamepata adabu. Msumeno wa seremala nao ulikuwa umekoma, na nikasema afadhali, vifo vimepungua. Nilichoona cha ajabu ni kwamba watu wamekuwa wavivu wa kufungua midomo. Kila mtu alikuwa akila maneno. Nilimgombeza baba kwa hilo, na baba, maskini, akaanza kunieleza mambo kwa mikono.

Halafu nikapita mbele ya karakana ya seremala. Alikuwa kazini. Msumeno unakwenda na kurudi, unga wa mbao unamwagika miguuni pake. Nilisimama nikamtazama muda mrefu, nikajiambia kwamba huenda amenunua msumeno mpya, mkali zaidi, usio na kelele. Binadamu akitaka kujidanganya hakosi vifaa.

Siku ya kurudi darasani mwalimu alibonyeza kaseti, na wale watu wangu wawili hawakutoka. Kulikuwa na mnong'ono tu, kama watu wanaozungumza nyumba ya tatu.

"Betri zimekufa, mwalimu," nilisema.

Alikuwa anampimia mama mmoja uzi. Akageuka, akasema kitu. Nikamwomba arudie.

"Nimetia mpya leo!"

Nikazungusha kitufe cha sauti, nikazungusha tena mpaka mwisho. Mnong'ono ukawa mnong'ono mkubwa kidogo. Nilipoinua macho, yule mama mteja alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, na watu wawili barabarani walikuwa wamesimama kutazama dukani. Mwalimu alikuja akaizima redio mwenyewe. Nilijua palepale, kwa uso wa mteja, kabla mtu yeyote hajaniambia.

Mteja alipoondoka mwalimu alinigeuza nitazame ukuta. Akasimama nyuma yangu. Nikasubiri aanze. Nikaendelea kusubiri. Kisha akaja mbele, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha zungumza mengi.

"Nilisema mchele, au nilisema chawa?"

"Mchele," nikasema.

Alikaa kwenye kigoda chake. Mwanamke aliyewasahihisha vinyozi na wachora mabango wa Mabatini nzima hakunisahihisha.

Tulirudi kwa daktari, mimi na yeye. Daktari alitazama ndani ya masikio kwa tochi, akasema pengine ni dawa, pengine ni homa yenyewe, na kwamba kwa wengi usikivu hurudi. Alisema nisubiri. Nilitaka kumuuliza nisubiri wapi, maana mtihani ulikuwa unafanyika Dar es Salaam na usingerudiwa kabla chuo hakijafungua. Mwalimu alinishika mkono tulipotoka nje.

"Tumwambie baba yako?"

"Hapana, mwalimu."

"Binti, ni baba yako."

"Akijua atanipeleka kwa shangazi. Huko nitakuwa bubu na kiziwi kwa pamoja."

Tangu siku hiyo aliiacha redio kwenye rafu, akawa ananisomea yeye mwenyewe mazungumzo ya wale watu wawili, ameketi upande wangu wa kulia ambako kulibaki na uhai kidogo, akipaza sauti kiasi kwamba wapita njia waliingia kuuliza kuna ugomvi gani. Alifanya sauti ya mwanamume, akafanya ya mwanamke, na makosa yangu aliyapokea kwa upole uliokuwa ukinitisha kuliko ukali wake. Sikio la kulia lilionekana kurudi, siku nyingine zaidi, siku nyingine kidogo. Nilijenga nyumba nzima juu yake.

Baba alinisindikiza stesheni. Alivaa shati jeupe. Aliongea sana, mtu ambaye kwa kawaida hakuongea, na treni ilikuwa inanguruma chini ya maneno yake hivi kwamba sikushika lolote. Nikatabasamu kila aliponyamaza. Nadhani aliridhika.

Chumba cha mtihani kilikuwa na dari refu na feni nyingi. Nilifika mapema nikaenda kukaa mbele kabisa, kulia, jirani na mashine ya kaseti. Msimamizi akanionyesha namba kwenye kadi yangu, kisha akanyoosha kidole kwenye meza ya nyuma, pembeni, chini ya feni, upande ambao sikio langu la kulia lingeelekea ukutani. Nilimwomba. Nilimwomba kwa Kiingereza kizuri kisicho na kosa hata moja, na akatikisa kichwa kwa heshima.

Nikaenda nikakaa. Msimamizi alisimama karibu na mashine, akainua mkono, akasema kitu kwa darasa, akainama kidogo, akainuka. Kisha akatembea hadi dirishani. Nikasema moyoni, anafunga dirisha kwanza, halafu atarudi kubonyeza. Nikageuza kichwa ili sikio la kulia litazame mbele. Nikashika pumzi nisije nikajisumbua mwenyewe. Yeye akafunga mikono nyuma, akatazama nje.

Nilikuwa bado namsubiri arudi kwenye mashine nilipoona kwamba vichwa vyote mbele yangu vimeinama, na penseli zinatembea.

Nikainama na mimi.